Kazi nyepesi ilivyomlemea: kisa cha dada wa ghala la korosho, Mtwara

Mara ya pili alipokuja ofisini kwangu alikuwa amebeba daftari la madeni ya duka. Ilikuwa Juni 2024. Aliliweka mezani, akafungua ukurasa uliokunjwa kona, akanionyesha jina la jirani anayedaiwa sabuni na mchele tangu Machi. Kisha akasema: "Mdogo wangu, mimi niliacha kazi ili nipumzike. Hebu niambie, huku ndiko kupumzika?"

Nilishindwa kumjibu. Miezi minne nyuma, mimi nilikuwa mmoja wa watu waliomwambia aache kazi.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba nisimtaje jina, wala nisimtaje mwajiri wake. Nitamwita dada, kama ninavyomwita siku zote. Kazi yangu ni ustawi wa jamii hapa Mtwara, na tangu yatokee haya nimebadili kabisa namna ninavyokaa na mgonjwa wa saratani anayetaka kuhama kazi. Ningependa na wengine wanaowashauri wagonjwa, iwe nyumbani au ofisini, wakijue kisa hiki kwa undani wake.

Kazi yenyewe

Dada alikuwa na miaka 44, ameajiriwa na kampuni binafsi inayoendesha ghala kuu la korosho. Kazi yake ilikuwa kusimamia kumbukumbu za mapokezi. Asiyeijua korosho atadhani kazi ya karatasi ni kazi ya kukaa kitini na kunywa chai. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kweli. Msimu ukifunga, ghala linakuwa kimya, mtu anapanga mafaili, anajibu wakaguzi, saa kumi jioni yuko nyumbani.

Oktoba ikifika mambo yanageuka. Vyama vya msingi vya ushirika vinakusanya korosho za wakulima huko Tandahimba, Newala, Nanyamba, na malori yanashuka na mzigo kuja ghala kuu. Hapo kila lori linapimwa uzito, korosho zinapimwa unyevu na ubora, zinaandikwa, ndipo stakabadhi inatoka. Bila stakabadhi mzigo hauingii mnadani, na pasipo mnada mkulima halipwi. Kwa hiyo kiongozi wa chama aliyelala siku mbili kwenye foleni, huku wakulima wake wanampigia simu kila saa, hana nafasi ya kusikiliza habari za karani aliyechoka. Halafu kuna unyaufu. Korosho zikikaa ghalani zinakauka na uzito unapungua, na hizo kilo zinazokosekana lazima zimwangukie mtu. Saini ya kwanza kwenye karatasi ilikuwa ya dada.

Alikuwa hodari, na sisemi hivyo kwa kumpamba. Alikuwa akishika korosho kiganjani anakuambia kama zimeanikwa vizuri au zimeletwa mbichi, kabla ya kipimo kusema. Viongozi wa vyama walimheshimu. Mambo haya nayataja kwa sababu sote tuliomshauri hatukuyatia kwenye hesabu.

Siku 126

Uvimbe aliuona mwenyewe, titi la kushoto, Februari 2023, akioga. Akatolewa kinyama kikapelekwa kupimwa, majibu yakarudi kuwa ni saratani. Aprili akafanyiwa upasuaji, wakaondoa titi pamoja na tezi za kwapani. Mwishoni mwa Mei akaanza kemo, yaani dawa za saratani za dripu, mizunguko 6, kila baada ya wiki 3, akisafiri kwa basi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Alikuwa akifikia kwa shangazi yake Mbagala, analala siku mbili tatu, anarudi na ndoo ndogo mapajani kwa ajili ya kutapika njiani.

Kazini aliomba likizo ya ugonjwa. Hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na wengi wanalirudia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata nusu mshahara. (Watumishi wa umma wana taratibu zao.) Dada alizichukua zote kwa mkupuo, kuanzia siku aliyolazwa kwa upasuaji. Mizunguko 6 ya wiki 3 ni wiki 18, na wiki 18 ni siku 126 kamili. Maana yake, kemo peke yake inaweza kuzimaliza zote, na yeye alikuwa ameshatumia mwezi mzima kwenye upasuaji. Mwishoni mwa Agosti siku zikaisha. Mzunguko wa sita ulikuwa bado, na mionzi haijaanza.

Hakuna aliyemwambia kwamba siku hizo si lazima zichukuliwe kwa pamoja. Yeye alikuwa akilala hoi kama siku kumi baada ya kila dripu, kisha anapata nafuu, na miezi ile, Juni hadi Agosti, ghala lilikuwa tupu. Tulikuja kuzipiga hesabu baadaye, karatasi mezani. Mwezi mmoja wa upasuaji ni siku 30. Siku 10 kwa kila mzunguko, mara 6, ni 60. Siku 25 za kwenda Dar kwa mionzi. Jumla 115. Zingebaki 11 mkononi. Si kila mwili utakubali mpango wa namna hiyo, na daktari ndiye wa kusema nani arudi kazini katikati ya kemo. Lakini hatukumpa hata nafasi ya kuchagua.

Mionzi ikaangukia Novemba, msimu umechanganya. Alimwuliza daktari kama inaweza kusubiri hadi Januari. Akakataliwa, na daktari alikuwa sahihi. Akaenda kwa likizo isiyo na malipo, vipindi 15, siku tano kwa wiki kwa wiki tatu. Alirudi ngozi ya kifuani imeiva kama iliyobabuka kwa maji ya moto, na siku ya pili akaripoti ghalani.

Usiku wa gunia 36

Wenzake hawakujua anaumwa nini. Alisema ni presha. Bosi wake alijua "amefanyiwa opereshini", basi. Nilipomwuliza sababu, alisema hakutaka watu wamtazame kifua wakati anazungumza.

Usiku mmoja wa Desemba, yapata saa nane, aliandika gunia 384 badala ya 348. Tofauti ya gunia 36. Kwa gunia la kilo 80 hizo ni kilo 2,880, ambazo hazikuwepo popote isipokuwa kwenye karatasi. Ziligundulika asubuhi, na hakuna aliyeibiwa. Lakini bosi alimsimamisha mbele ya vibarua na madereva, akamsema kwa sauti, akamwuliza kama ameshaanza kushirikiana na watu wa kangomba, walanguzi wanaonunua korosho za wakulima kwa magendo. Kwa mtu wa korosho hilo ni tusi zito. Ni sawa na kumwita mwizi wa jasho la mkulima. Dada alinisimulia hivi: "Nilikuwa naangalia ile tatu na ile nne na nane, nazijua, lakini haziji kwa mpangilio."

Wahudumu wa saratani wanaifahamu hali hiyo. Baada ya kemo, wagonjwa wengi hupata ukungu wa akili: umakini unapungua, majina na namba vinapotea. Mara nyingi hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Na uchovu wake si ule unaoondoka kwa kulala. Mtu analala kwa muda wa saa tisa anaamka amechoka vilevile. Bosi asiyejua ugonjwa atauita uzembe. Simtetei kwa aliyoyasema mbele za watu, lakini ukweli ni kwamba alikuwa akimhukumu mtu ambaye hakuwa na habari zake.

"Punguza mawazo"

Baada ya usiku ule kila mtu akawa na neno moja. Mumewe, ambaye ni seremala Likombe, alisema, "Mama watoto, acha." Mama mkwe alisema mawazo ya ghala ndiyo yaliyomletea maradhi, na yatayarudisha. Kliniki aliambiwa apunguze mawazo. Nami, Februari 2024, alipokuja kwangu mara ya kwanza akilia, nikamwambia afya kwanza, kazi zipo.

Sentensi ile bado inaniuma, kwa sababu sikumwuliza swali hata moja kabla ya kuitamka.

Mpaka leo utafiti haujathibitisha kwamba msongo wa kazi unasababisha saratani ya matiti au unairudisha ikishatibiwa. Yanayofahamika kuongeza hatari ni umri, historia ya ukoo, mambo ya homoni, pombe, uzito mkubwa baada ya hedhi kukoma. Msongo unamnyima mtu usingizi, unamkosesha hamu ya kula, unamfanya asahau dawa, unamtesa kweli, na hizo ni sababu tosha za kuupunguza. Lakini dada alikuwa amebeba kitu kingine kabisa: aliamini kwamba amejiletea ugonjwa kwa kupenda kazi, na kwamba kila siku anayobaki ghalani anauita urudi. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo hachagui kazi. Anakimbia. Nasi, kwa "punguza mawazo" zetu, tulimwongezea mbio.

Akaandika barua ya kuacha kazi, notisi ya siku 28. Katika siku hizo 28 hakuna aliyemwita kumwuliza kulikoni. Tazama na mwezi aliouchagua: mwishoni mwa Februari. Malori yalikuwa yameisha. Mbele yake ilikuwepo miezi saba ya ukimya, mafaili, na kurudi nyumbani saa kumi. Aliiacha kazi yake ngumu siku ileile ilipokuwa inaanza kuwa nyepesi.

Duka

Kwa akiba yake na mchango wa kaka yake akafungua duka la vyakula karibu na nyumbani. Wote tulifurahi. Kazi yako mwenyewe, huna bosi, ukichoka unafunga.

Hakufunga hata siku moja. Alfajiri wateja wanataka mkate na sukari ya robo, usiku saa nne wanataka vocha na dawa ya mbu. Paa la bati, Machi ya Mtwara, naye yuko kwenye tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi ambayo miongoni mwa maudhi yake ni joto linalopanda ghafla mwilini mpaka jasho linatiririka. Alikuwa akichovya kanga kwenye maji anajifunga shingoni. Katoni za sabuni na mafuta alinyanyua mwenyewe, na mkono wa kushoto, upande ulioondolewa tezi, ukaanza kuvimba kuanzia kwenye kiwiko. Mkono wa namna hiyo haukatazwi kazi. Mazoezi ya kunyanyua vitu, uzito ukiongezwa taratibu, ni salama na yanasaidia. Ubaya ni kuuamsha kwa katoni nzito siku ya kwanza, baada ya miezi ya kuuficha chini ya mtandio.

Pesa? Mwezi mzuri alibakiwa na 250,000, na sehemu yake iko kwenye daftari la madeni. Ghalani alikuwa akilipwa 640,000.

Na bima ilikuwa imekwisha. Alikuwa kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa makato ya mshahara, yeye na mwajiri kila mmoja akichangia. Mshahara ulipokoma, kadi nayo ikakoma. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la upotevu wa ajira, lakini halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake, na barua yake ilisema wazi: kwa hiari yangu mwenyewe.

Mapema Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Barabara ya kusini ikakatika eneo la Somanga, mabasi na malori yakakwama siku kadhaa. Tarehe yake ya kliniki Dar ikapita. Bidhaa nazo hazikufika, rafu zikabaki na chumvi na viberiti. Barabara ilipofunguka akachagua kununua mzigo kwanza, kliniki baadaye.

Juni ile alipokuja na daftari, nilimwomba anionyeshe dawa. Akatoa kwenye pochi vidonge 30 vilivyopaswa kuwa vimeisha wiki iliyotangulia. Vilikuwa vimebaki 11. Siku nyingine alisahau kwa uchovu, siku nyingine aliruka makusudi ili vifike mwisho wa mwezi ujao. Dawa ile inamezwa kila siku kwa miaka 5, na wengine huambiwa waendelee hadi 10. Yeye alikuwa hajamaliza hata miezi sita.

Kazi nyepesi ilikuwa inamlia dawa yake.

Tulichopaswa kukifanya Februari

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria ileile ya ajira, zinamtaka mwajiri, kabla hajamwachisha mtu kazi kwa sababu ya afya, achunguze hali yake na atazame njia nyingine: kumrekebishia majukumu, au kumpa kazi nyingine anayoiweza. Akimwachisha bila kufuata hayo, mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini wajibu huo unamkaba mwajiri anayetaka kuachisha. Mfanyakazi akishaandika mwenyewe kwamba anaondoka kwa hiari, hakuna wa kuchunguza chochote. Barua ile ya mistari minne ilimfungia dada mlango ambao hakujua kama upo.

Alihitaji barua nyingine kabisa. Iambatane na cheti cha daktari, iseme: naumwa hivi, natumia dawa hii kwa miaka kadhaa, naomba msimu huu nisipangwe zamu ya usiku, na karatasi za mapokezi zisainiwe na watu wawili. Basi. Saini mbili peke yake zingezikamata zile gunia 36 palepale mzanini. Mwajiri angekubali? Sijui tabia yake kiasi cha kuapa. Lakini angelazimika kujibu, na jibu lake lingekuwa ni maandishi.

Kuna linalonipa shida hapa: barua hiyo inahitaji mgonjwa auseme ugonjwa wake. Dada hakutaka, na mwili ni wake. Siwezi kumlazimisha mtu. Ninachofanya sasa ni kumwambia kinaganaga kwamba siri ina bei yake, na kwamba si lazima aijue kibarua wa mlangoni. Anaweza kuijua mtu mmoja wa utumishi, kwa barua iliyofungwa.

Mara ya pili

Tulikaa vikao viwili, tukitumia kurasa za nyuma za daftari lile la madeni. Hatukuandika majina ya kazi. Tuliandika miezi, Januari hadi Desemba, na mbele ya kila mwezi: saa ngapi, kuna usiku au hakuna, nani atakusema na kwa sababu gani, nani analipia dawa. Ghala lilipata miezi minne mibaya na minane mizuri. Duka lilipata kumi na miwili mibaya. Alipouona ukurasa ule alinyamaza muda mrefu.

Aliuliza kwanza kwa mwajiri wa zamani. Nafasi ilishajazwa. Septemba akapata ukarani wa ada katika shule moja binafsi, mshahara 430,000, mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, bima ndani. Safari hii kwenye usaili alimwambia mkuu wa shule ukweli wote, na kwenye mkataba ikaandikwa kwamba atapewa ruhusa ya siku za kliniki. Shule nayo ina joto lake: Januari wazazi wanajaa dirishani, kila mmoja na maelezo yake kuhusu ada. Lakini hiyo Januari anaijua, na saa kumi na nusu dirisha linafungwa. Jioni anatembea ufukweni Shangani, nusu saa, mume akiwa na nafasi wanakwenda wawili. Kutembea ndiko kulikompunguzia ule uchovu kuliko kulala, na wanaotibu uchovu wa saratani wanasema hivyohivyo: mazoezi mepesi ya mara kwa mara.

Duka alimwachia mdogo wa mume.

Sitaki mtu adhani kila kitu kimekaa sawa. Shilingi 210,000 za kila mwezi zimepotea, na binti yake alihamishwa shule ya bweni akarudi ya kutwa. Na kuna kitu ambacho hakiingii kwenye jedwali. Msimu ulipofunguliwa Oktoba ile, malori yalipita usiku mbele ya nyumba, naye aliamka akakaa kitandani akiyahesabu. "Pale nilikuwa mtu," aliniambia. "Hapa mimi ni dirisha." Nilitaka kumwambia afya kwanza. Nilijizuia. Wapo wagonjwa ambao kubaki kwenye kazi ngumu wanayoijua ndiko kunakowashika wasizame, na sina hakika kwamba dada, kama angepewa zamu za mchana na saini ya pili, asingekuwa mmoja wao.

Bado anakuja kunisalimia. Mara ya mwisho alikuja na daftari lilelile, jalada limechakaa. Kurasa za nyuma sasa zina tarehe na alama ya vema mbele ya kila moja, kidonge cha kila usiku, mwezi baada ya mwezi. Nilizifuata kwa kidole mpaka nilipokuta siku mbili tupu, nikamwuliza. Akasema alikuwa msibani Masasi, dawa ilibaki nyumbani. Kurasa za mbele hajazichana. Jina la yule jirani wa sabuni na mchele bado lipo.